CHEMBE IKATAAYO KUFA NA MTU AKATAAYE TIBA



Katika darsa yetu yameletwa maswali mawili, nasi tuliahidi kuyajibu katika ukurasa huu. La kwanza: ikiwa kila mtu ana ajali yake iliyokwisha kukadiriwa, mwenye saratani afanye nini? Ahangaike na mahospitali, au aketi kitako angoje siku yake? La pili limetoka kwa vijana: ikiwa wataalamu wamekwisha kugundua kitu kinachozuia chembe za mwili zisizeeke, kuna ubaya gani tukikitafuta tukaishi zaidi?

Maswali haya yaonekana kupeana mgongo. Muulizaji wa kwanza ameyakubali mauti mno. Wa pili hayataki kabisa. Lakini ukiyachungua utaona yametoka tumbo moja, nalo ni kutojua kikomo ni nini na kiko wapi. Twaomba msomaji asafiri nasi kidogo mpaka Kikopey, kwani huko ndiko jambo hili lilikotufikia mikononi.

Kikopey ni kituo kilicho kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, mahali ambapo Bonde la Ufa hufunuka na ziwa Elementaita huonekana chini. Kila msafiri apajua kwa nyama yake ya kuchoma. Miaka miwili iliyopita tulipita hapo watu wanne kutoka Mombasa, tukienda Nakuru kwa ajili ya arusi. Tukashuka, tukauliza habari za mchinjaji, tukaridhika, tukaagiza nyama. Ilipoletwa juu ya ubao pamoja na ugali na kachumbari, mmoja wetu, mtu mzima wa miaka sitini na ushei, hakunyosha mkono. Aliomba supu tu, akainywa kidogo kidogo, huku akijishika kifua.

Tukamwuliza, “Ami, mbona huli?”

Akajibu, “Chakula hakishuki, mwanangu. Huu ni mwezi wa nne. Kwanza ilikuwa nyama, kisha wali, na sasa hata mkate haushuki ila kwa maji.”

“Umekwenda kwa daktari?”

“Ajali haina kinga. Likiwa ni la kuondoka, nitaondoka.”

Neno hilo lilitufunga vinywa. Halikutufunga kwa kuwa ni kweli tupu, bali kwa kuwa limevaa kilemba cha dini, na neno lililovaa kilemba watu huogopa kulivua. Tukala kimya, tukaendelea na safari.

Siku ya tatu, tulipokuwa tukirudi, mwenyeji wetu, mwalimu wa elimu ya viumbe, alitupeleka kutazama Kariandusi, si mbali na hapo Kikopey. Watu wengi hupafahamu kwa shoka za mawe za watu wa kale zilizofukuliwa huko. Lakini pana jambo jingine: machimbo ya udongo mweupe mno, mwepesi, ambao ukiushika wakuachia unga mkononi kama chaki. Ami aliuchukua akauliza, “Hii ni chokaa?” Mwalimu akajibu kuwa si chokaa. Udongo ule ni maganda ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho, viitwavyo daiatomu, vilivyoishi katika ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Elementaita ya leo.

Kila daiatomu ni chembe moja tu, nayo ina ganda gumu lililotengenezwa kwa kitu kile kile kinachofanya kioo, mfano wa kibweta na kifuniko chake. Inapozaa hugawanyika mara mbili. Mmoja katika wana wawili hurithi kifuniko, na mwengine hurithi kibweta, kisha kila mmoja hujitengenezea nusu iliyopungua, na nusu hiyo mpya siku zote huingia ndani ya ile ya zamani. Basi aliyerithi kifuniko hubaki na ukubwa wa mzazi wake, na aliyerithi kibweta huwa mdogo kuliko mzazi. Vizazi vikiendelea, wadogo huzidi kuwa wadogo. Wengi katika viumbe hawa wakifika mpaka fulani hawawezi kupungua tena: ama chembe mbili ziungane, dume na jike, kitoke kizazi kipya chenye ukubwa wa asili, ama ukoo huo ukatike. Jambo hili wanazuoni wa Ulaya walilieleza tangu mwaka 1869.

Ami alicheka, akatugeukia. “Mwaona? Hata hawa wana ajali yao. Nanyi mwataka kunikimbiza hospitali.”

Mwalimu akamjibu kwa adabu, “Kweli, mzee wangu, wana kikomo. Na mwili wako pia umejengwa kwa chembe zenye kikomo. Lakini ikiwa maradhi yako ni haya tunayoyaogopa, basi ndani ya koo lako imo chembe iliyokataa kikomo chake. Sasa wewe uko upande wa nani: upande wa kikomo, au upande wa ile iliyokikataa?”

Ami hakujibu. Nasi twaona kuwa katika swali hilo ndimo mlimo jawabu ya maswali yote mawili ya darsa yetu. Lakini hapana budi kwanza tueleze elimu yenyewe, kwani hukumu juu ya jambo usilolijua ni dhana tu.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai, ziitwazo seli, nazo huhesabiwa kwa matrilioni. Zote zimetokana na chembe moja iliyogawanyika ikawa mbili, na mbili zikawa nne, na kuendelea. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kuwa chembe zikitolewa mwilini zikalishwa vizuri hugawanyika bila ya mwisho. Aliyeieneza rai hiyo ni Alexis Carrel, Mfaransa aliyefanya kazi New York, ambaye kuanzia mwaka 1912 alidai kuwa ameziweka hai chembe za moyo wa kifaranga kisichoanguliwa. Carrel alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel, basi watu wakamfuata karibu miaka hamsini. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, katika mji wa Philadelphia, walionyesha kwa majaribio kuwa chembe za kawaida za mwanadamu hugawanyika kiasi cha mara 40 hadi 60, kisha husimama. Na hapa pana somo hata kabla hatujafika kwenye saratani: ukubwa wa jina la msemaji si dalili ya ukweli wa maneno yake.

Kwa nini zisimame? Ndani ya kila chembe mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, zilizobeba maandishi ya urithi wetu. Kila uzi una ncha mbili, na kila ncha ina pindo, mfano wa pindo la leso, liitwalo telomea. Katika pindo hilo hamna maagizo ya kuujenga mwili. Mna herufi sita tu zinazorudiwa maelfu ya mara. Kazi yake ni kuuzuia uzi usifumuke, wala usishikamane na uzi mwengine.

Chembe inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa ila kipande kidogo cha mwisho. Sababu yake aliieleza Aleksei Olovnikov wa Urusi mwaka 1971, na James Watson wa Marekani mwaka 1972: kile kinachonakili hakiwezi kuimaliza ncha yenyewe, kama vile mtu apakaye rangi sakafu ya chumba asivyoweza kupaka pale alipokanyaga. Kwa hivyo pindo hupungua kila mara. Likiwa fupi mno chembe huhisi hatari, ikaacha kugawanyika. Ama ikastaafu ikakaa kimya, ama ikafa.

Mtu aweza kusema: huu ni upungufu katika maumbile. Sisi twasema: tazama tena. Kila unakilishaji una hatari ya kosa, na chembe iliyogawanyika mara nyingi huenda imekusanya makosa mengi. Kama isingelikuwa na kikomo, chembe moja yenye makosa ingeliweza kuujaza mwili kwa watoto wake wabovu. Kikomo ni mlinzi aliyesimama mlangoni. Chembe moja hustaafu ili mwili wote usalimike, na katika hilo mna rehema kubwa.

Sasa tuje kwenye kile walichokiulizia vijana. Elizabeth Blackburn na mwanafunzi wake Carol Greider, katika California, walikuwa wakichungua kiumbe kidogo cha maji ya bwawa kiitwacho Tetrahymena, chenye ncha nyingi sana za nyuzi hizi. Tarehe 25 Desemba 1984 Greider aliona dalili ya kwanza ya kimeng'enya kinachorefusha pindo. Habari yake ikatangazwa mwaka 1985, nacho hujulikana kwa jina la telomerasi. Ni fundi aliyebeba kiolezo chake mwenyewe: huiendea ncha iliyopungua, akaishonea tena zile herufi sita, mara baada ya mara. Kwa kazi hiyo Blackburn, Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Fundi huyu yumo ndani ya kila mmoja wetu. Hufanya kazi katika mtoto aliye tumboni, katika chembe za uzazi, na kwa kipimo katika chembe za uboho zinazotengeneza damu na zile zinazofanya upya ngozi ya matumbo. Katika chembe nyingi nyengine za mtu mzima amelazwa usingizi. Na wako watu wanaozaliwa telomerasi yao ni dhaifu. Uboho wao hushindwa kutengeneza damu, wakaugua vibaya. Basi telomerasi si uovu. Ni amana, na amana ina mahali pake na kipimo chake.

Saratani huanza pale chembe moja inapopotoka. Haipotoki kwa sababu moja tu. Moshi wa tumbaku, virusi, makosa ya kunakili, pengine urithi, huyaharibu maandishi ya chembe moja moja, mpaka chembe isiitii tena amri ya kusimama. Hata hivyo bado ina pindo linalopungua, na kwa kugawanyika ovyo ingelikwisha yenyewe. Zilizo nyingi hufa hapo. Lakini ile ambayo itamwamsha fundi aliyelala, ikamtumia mahali pasipo pake, huyo ndiye muasi aliyepata hazina isiyokwisha. Wataalamu walioipima telomerasi tangu mwaka 1994 wameikuta ikifanya kazi katika kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya saratani za wanadamu. Na katika zilizobaki, nyingi zina hila nyengine ya kurefusha pindo.

Mfano wake mkubwa ni bibi Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyetibiwa Baltimore kwa saratani ya mlango wa kizazi. Chembe zilichukuliwa katika uvimbe wake bila ya yeye kuombwa ruhusa, dhulma ambayo jamaa zake waliilalamikia miaka mingi. Yeye alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, umri wake miaka 31. Chembe zake zingali zikigawanyika katika maabara za dunia nzima hata leo, na telomerasi ndiyo inayozilinda pindo zao. Zimesaidia elimu sana. Lakini msomaji na apime: chembe hazikufa, na mama wa watoto watano amekufa, naye amekufa kwa sababu zile chembe zilikataa kufa. Hiyo ndiyo maana ya kuishi milele kwa kiungo kimoja: ni mauti ya mwili wote.

Sasa tujibu. Kwanza twasema na vijana. Kisa cha baba yetu Adam chajulikana na kila mtoto wa chuoni: Ibilisi hakumjia kwa dhahabu, alimjia kwa habari za mti wa kuishi milele. Leo mti huo wauzwa katika chupa, kwa vidonge vinavyonadiwa kuwa vyarefusha telomea na umri. Mwenye kuvinunua ajiulize: ukimwamsha fundi mwili mzima, utajuaje kuwa hukumwamsha katika chembe iliyokwisha kupotoka, iliyokuwa ikimngoja yeye tu? Kuzirefusha pindo zote bila ya mizani si afya. Wala hatukatazi elimu. Mwezi wa Juni 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayoizuia telomerasi, kwa ajili ya wagonjwa wa aina fulani ya maradhi ya uboho ambao huhitaji kuongezwa damu mara kwa mara. Na hata dawa hiyo yaweza kuzipunguza chembe njema za damu, kwa hivyo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari. Huko ndiko kutafuta kwa mizani.

Pili twasema na wale waliomo katika hali ya Ami. Mnasema ajali. Nasi twaiamini ajali kama mnavyoiamini. Lakini nani amekwambieni kuwa uvimbe ndio ajali? Ajali ni elimu ya Mwenyezi Mungu, wala hapana mtu aliyeisoma. Uvimbe ni chembe iliyovunja mpaka wake. Anayeuacha ukue kwa jina la kuridhika na kikomo amechanganya mambo mawili: amemwacha muasi wa kikomo atawale, na huku adhani anakitukuza kikomo. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu aliwaamrisha wajitibu. Na Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Sham akasikia kuwa pana tauni, akarejea na watu wake, Abu Ubayda alimkabili kwa hoja hii hii yetu ya leo, kwamba anaikimbia kadari. Umar akamfahamisha kuwa kuondoka katika kadari moja kwenda katika nyengine si kuitoka kadari, kwani zote mbili ni za Mola mmoja. Ugonjwa ni kadari, na dawa ni kadari vile vile.

Wala isije ikadhaniwa kuwa twamlaumu mgonjwa. Saratani si alama ya dhambi, na hutokea kwa mchamungu, na kwa mtoto mchanga asiye na dhambi yoyote. Tunalolilaumu ni desturi ya kuficha. Mtu huficha uvimbe wa titi kwa haya, huficha damu kwa khofu ya maneno ya majirani, mpaka pasiwe na la kufanya. Basi twausia haya:

(1) Mwenye kukwamwa na chakula kooni kwa majuma mawili matatu, au kukonda bila ya sababu, au kuona uvimbe au damu isiyo ya kawaida, aende hospitali upesi. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani ziuazo watu wengi nchini Kenya, na watu wa Bonde la Ufa waijua vizuri.

(2) Tumbaku na ulevi ni katika sababu zake kubwa. Hili halihitaji maelezo kwa wasomaji wetu. Lakini liko moja letu sote: chai na kahawa ya moto mno. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ya umio. Chai na ipoe kidogo ndani ya kikombe. Wakala huo huo ulisema mwaka 2015 kuwa nyama nyekundu nayo ni katika vitu vinavyodhaniwa, na kwamba nyama inayochomwa kwa moto mkali hutoa sumu zake. Hatusemi watu waihame Kikopey. Twasema asiifanye mtu kuwa chakula cha kila siku, wala asile iliyoungua ikawa makaa.

(3) Kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho ndicho kilichomsibu bibi Lacks, ni katika vitu vimwamshavyo yule fundi aliyelala. Chanjo yake ipo. Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwezi wa Oktoba 2019. Mzazi amzuiaye binti yake kwa uvumi tu atafute kwanza hoja.

Imebaki habari ya Ami. Baada ya safari ile alikubali kwenda. Alitiwa mpira wenye kamera kooni, kikachukuliwa kipande kidogo kikapimwa. Ilikuwa saratani ya umio, nayo imekwisha kuenea. Madaktari hawakumficha. Walimtia kibomba cha waya kilichoifungua njia ya chakula, na siku ya tatu akala uji wa mchele, kisha wali laini wa nazi, akamshukuru Mola wake kwa machozi. Aliishi miezi tisa. Katika miezi hiyo alilipa madeni, aliandika wasia, na alisuluhiana na nduguye aliyekuwa hasemi naye tangu walipogawana shamba. Siku moja alitwambia, “Ningelikwenda mwezi wa kwanza, pengine mngekuwa na mimi zaidi. Sikuwa nikingoja ajali, mwanangu. Nilikuwa nikiogopa, nikaipa khofu yangu jina zuri.”

Kisha akatutaka tuyaandike haya, bila ya jina lake, ili mwengine asirudie. Alipofika kikomo chake cha kweli alikijua, wala hakugombana nacho. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi akili ya kuvitambua vikomo viwili hivi, kile tulichoamrishwa kukipokea na kile tulichoamrishwa kukilinda.

Wabillahi tawfiq.